Somo: Kuendesha sprinti timu ikiwa Kampala, Gulu na Berlin

Swali la "skramu mnaifanyaje na watu walio mbali?" limerudi tena wiki hii. Skramu ni njia ya timu kutengeneza programu kwa vipindi vifupi; kila kipindi ni sprinti. Naliandika mara moja. Atakayeuliza baada ya leo atapewa kiungo tu. Mfano wangu ni timu ya watu saba: watatu Kampala, wawili Gulu, wawili Berlin.

1. Bakilogi (orodha ya kazi zinazongoja) moja, ubao mmoja. Jira, Trello, GitHub, chochote. Kazi isiyo ubaoni haipo.

2. Sprinti ya wiki mbili. Ya wiki moja huliwa na vikao. Ya mwezi huficha kutoelewana mpaka kodi (maandishi ya programu) imeshaandikwa.

3. Saa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Uganda ni UTC+3 (saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC) mwaka mzima. Berlin iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi, kisha kwa saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kikao kikiwekwa kwenye kalenda kwa saa za Berlin, kile cha 12:00 Kampala kinahamia 11:00 mwisho wa Machi bila mtu kugusa kitu. Kikiwekwa kwa saa za Kampala, watakaohamishwa ni wao. Chagueni mji mmoja wa kushika saa na muuandike juu ya ubao. Mimi huchagua Kampala, kwa sababu saa yake haichezi na watu wengi wako upande huu.

Onyo: usiandike "saa tatu" kwenye gumzo. Mmoja ataelewa 09:00, mwingine ataweka kengele 15:00. Andika 09:00 EAT (saa za Afrika Mashariki), basi.

Onyo la pili: sikukuu ziingie kwenye kalenda kabla ya kupanga sprinti. Tarehe 3 Juni na 9 Oktoba sisi tumefunga, Berlin wako kazini; tarehe 3 Oktoba ni zamu yao kupumzika. Mkisahau, mtaahidi kazi ya siku kumi kwa watu wenye siku tisa.

4. Kila mtu na skrini yake. Hata watatu wa Kampala wakiwa chumba kimoja, kila mmoja aingie kwa kompyuta yake, avae spika za masikioni, na azime maiki asipozungumza. Wakizunguka laptopu moja, watamaliza mjadala wao kwa wao na Gulu watasikia vicheko tu.

5. Ujumbe wa makabidhiano, kila jioni, ndani ya tiketi (kadi ya kazi ubaoni). Si kwenye WhatsApp, ambako kesho utakuwa chini ya jumbe mia. Mfano (tawi ni nakala ya kodi unayofanyia kazi pembeni; mwenye bidhaa ndiye anayeamua bidhaa ifanye nini):

"Tawi: malipo-simu. Imekwisha: kupokea jibu la malipo, vipimo vyote vya kodi vinapita. Bado: mteja aliyelipa mara mbili. Nimekwama: ufunguo wa majaribio umeisha muda, Berlin watoe mpya. Swali kwa mwenye bidhaa: pesa ya ziada irudi papo hapo au isubiri idhini? Nisipopata jibu kufikia 11:00 EAT, naweka isubiri idhini."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Swali lisilo na muda wala uamuzi wa kungojea hulala, na kazi hulala nalo hadi kesho yake. Ila uamuzi huo uwe ule unaobadilika kirahisi. Kufuta data ya wateja hakuingii humo kamwe.

6. Kodi iombewe kuunganishwa na ile ya timu ikiwa ndogo, mistari 200 hivi. Vipimo viendeshwe kwenye seva, si kwenye laptopu ya mtu ambaye umeme ukikatika kila kitu kinasimama.

7. Retro (kikao cha kutazama kilichoenda vizuri na kilichokwama) kila mwisho wa sprinti, walio mbali wakitangulia kusema.

MASWALI

Kijana_Ntinda: App gani nzuri ya kusimamia timu?
— Hatua ya 1.

Kijana_Ntinda: Nimeona, lakini ipi hasa?
— Ile ambayo timu yako inaifungua kila asubuhi. Kama ubao mlio nao hausasishwi, kuhamia mwingine kutawapa ubao mwingine usiosasishwa.

MamaKodi: Asante kwa somo, ndugu. Sisi kikao cha kila siku tunakiandika tu kwenye gumzo, hatupigi simu. Bado ni skramu?
— Swali zuri, dada. Mwongozo wa Skramu wa 2020 uliondoa yale maswali matatu ya jana, leo na vizuizi, lakini tukio la dakika 15 kila siku limebaki. Maandishi peke yake yanafaa kwa taarifa. Hayafai kupanga upya siku. Jaribuni hivi: kila mtu aandike kabla ya 09:30, halafu simu ya dakika 15 ijadili vilivyokwama tu. Kisipokuwepo, kateni mapema.

Gulu_dev: Kwenye makadirio ya ukubwa wa kazi, mkubwa akiandika 3, wote tunaandika 3.
— Kila mtu aandike namba yake bila kutuma, msimamizi ahesabu hadi tatu, mtume pamoja. Wa 2 na wa 8 waeleze kwanza. Mara nyingi mmoja amekumbuka kitu ambacho hakimo kwenye tiketi.

Bosi_Mbarara: Haya yote ni muda. Mimi mteja wangu yuko New York, nawaambia vijana wakeshe tu.
— New York iko nyuma saa nane wakati wa baridi, saba majira ya joto. 09:00 yao ni 17:00 au 16:00 yetu. Kikao kimoja cha jioni kinatosha kama hatua ya 5 inafuatwa. Ukiwakesha kila siku, asubuhi utapata kodi ya mtu mwenye usingizi.

MamaKodi: Na Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha katikati ya kikao?
— Laptopu ina betri. Kinachozimika ni ruta. Nunua UPS ndogo ya DC (betri ya akiba ya kulisha ruta), lakini soma kwanza kibandiko cha ruta: nyingi ni volti 12, nyingine 9 au 5. Volti zisipolingana utaiunguza. Ampea za UPS ziwe sawa au zaidi.

Gulu_dev: Yangu imeandikwa 12V 1A, UPS ni 12V 2A. Sawa?
— Sawa. Angalia na plagi ichomeke bila kulegea.