Teknolojia mpya shambani: pigia hesabu kinachobaki, usihesabu magunia tu

Siku ya wakulima ikifika, kibao kinachosimikwa mbele ya kipando cha maonyesho huwa kimeandikwa jina la mbegu, aina ya mbolea, tarehe ya kupanda na magunia yanayotarajiwa kwa ekari. Gharama haziandikwi. Wageni hushika mahindi, husifu ukubwa wa magunzi, kisha huuliza mbegu inapatikana wapi. Swali linalotakiwa kutangulia ni lingine: nikishavuna, nikauza na kumlipa kila anayenidai, nitabaki na nini zaidi ya ninachobaki nacho sasa?

Sisi maafisa ugani tuna tabia ya kumwita mkulima asiyefuata ushauri wetu "mgumu kubadilika". Mwaka 1957 mchumi wa Marekani Zvi Griliches alichapisha utafiti kuhusu kuenea kwa mahindi chotara nchini humo. Majimbo kama Iowa, ambako faida ilikuwa kubwa, yaliipokea mbegu hiyo mapema na kwa kasi. Majimbo ya kusini, ambako faida ilikuwa ndogo, yalichelewa. Waliochelewa hawakuwa wajinga. Mara nyingi mkulima anayesita amepiga hesabu ambayo mshauri wake hakuipiga.

Hesabu ya vinavyobadilika

Huna haja ya kuandika bajeti ya shamba zima. Kodi ya shamba, kulima na vitu vingine ambavyo ungevilipia kwa vyovyote vile viache pembeni. Andika yale tu yatakayobadilika ukiingiza mbinu mpya: gharama zitakazoongezeka na zitakazopungua, mapato yatakayoongezeka na yatakayopungua. Watu husahau hayo ya mwisho. Ukipanda kwa nafasi mpya ukaacha kuchanganya maharage, maharage uliyokuwa unavuna ni mapato yaliyopotea, nayo lazima yaingie kwenye daftari.

Napendelea kupiga hesabu hii kwa kilo za mazao badala ya fedha, maana bei hubadilika lakini mkulima anajua kilo moja ilivyomtoa jasho. Chukua gharama yoyote, igawe kwa bei ya kilo moja hapo shambani wakati wa mavuno, na utajua inakula kilo ngapi.

Tuseme kwa kilimo chako cha sasa unapata kilo 800 za mahindi kwa ekari, na kibao kinasema 1,400 kwa mbegu mpya na mbolea. Ongezeko la kwenye kibao ni kilo 600. Lakini kipando cha maonyesho hutunzwa kuliko shamba la kawaida: hupandwa siku inayofaa, hupaliliwa kwa wakati, na hakina kona yenye udongo mbovu. Punguza sehemu ya kumi angalau. Sasa ni 1,260, na ongezeko limeshuka hadi kilo 460. Kuvuna, kupukuchua, magunia na usafiri wa hizo kilo za nyongeza tuseme vinakula sehemu ya tano, yaani kilo 92. Zimebaki 368. Mbegu na mbolea ni sawa na kilo 150, vibarua wa ziada kilo 50, riba ya mkopo kilo 20, jumla 220. Toa, unabaki na kilo 148.

Kutoka kilo 600 za kwenye kibao umefika 148, chini ya robo. Bado ni faida, na ukiigawa kwa kilo 220 ulizotumia inakuja kama asilimia 67. Je, inatosha? Mwongozo wa kituo cha utafiti wa mahindi na ngano CIMMYT wa mwaka 1988 unasema mkulima huhitaji walau asilimia 50 hadi 100 ili mabadiliko yamfae: karibu na 50 kama ni marekebisho madogo ya jambo analolijua, karibu na 100 kama ni jambo geni kwake. Asilimia 67 kwa mbinu usiyowahi kuijaribu ni ya kusitasita.

Hesabu hiyohiyo irudie kwa mwaka mbaya. Mvua ikikatika mapema na ongezeko likawa nusu tu, kilo 230, ukitoa sehemu ya tano unabaki na 184, wakati gharama zako bado ni zilezile 220. Umepata hasara ya kilo 36, na aliyekukopesha hatajali mvua. Familia ambayo haina akiba ya kuubeba mwaka wa namna hiyo isiingie ekari nzima, hata kama miaka mingi ni mizuri.

Usiuchukue mfuko wote

Ushauri wetu huja kama furushi: mbegu, mbolea ya kupandia, ya kukuzia, dawa, nafasi mpya. Lakini si kila kilichomo ndani kinajilipa sawa. Magharibi mwa Kenya, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu mbolea kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, na matokeo yao yalichapishwa 2008. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo kiliwalipa wakulima vizuri. Furushi kamili lililopendekezwa na wizara liliongeza mavuno zaidi, lakini kwa mkulima wa kawaida halikurudisha gharama zake.

Sababu si ngumu. Kipimo cha kwanza cha mbolea hukuta mmea una njaa. Cha tatu hukuta umeshashiba, ila bei ya mfuko ni ileile. Kwa hiyo anza na kitu kimoja au viwili ambavyo shamba lako linavililia zaidi. Udongo uliochoka na mbegu ya zamani iliyorudiwa kupandwa mara nyingi ni matatizo mawili tofauti, yana gharama tofauti, na huenda moja tu ndilo linalokurudisha nyuma.

Lijaribu kwenye mistari yako mwenyewe. Tenga vipande viwili vinavyopakana, kwenye udongo unaofanana na mteremko uleule. Panda vyote siku moja, vipalilie siku moja. Kitofautiane kile tu unachokijaribu. Wakati wa kuvuna acha mistari ya pembeni, kwa kuwa hupata mwanga na nafasi zaidi na itakudanganya. Vuna mistari ya katikati, pukuchua, anika hadi vyote vikauke sawasawa, halafu pima kwa mizani. Debe la kukadiria kwa macho halifai hapa. Tofauti unayoitafuta inaweza kuwa ndogo kuliko kilele cha debe.

Hata wakulima wa Iowa walifanya hivyo. Wanasosholojia Bryce Ryan na Neal Gross walipowahoji wakulima 259 wa huko, kwa utafiti uliochapishwa 1943, waligundua kwamba wote isipokuwa wawili walikuwa wameishia kupanda mahindi chotara, lakini mwanzoni wengi walipanda eneo dogo tu kwanza. Miaka ilipita kati ya kusikia habari na kugeuza shamba lote.

Kazi ya nyumbani si bure

Kwenye madaftari mengi ninayoonyeshwa, kazi ya mke, mume na watoto imeandikwa sifuri. Matokeo yake mbinu inayokula siku nyingi za palizi inaonekana ina faida kubwa, na anayeinama kwenye jembe ndiye anayejua kwamba si kweli. Iandikie thamani ya kibarua. Tena tazama kazi hiyo inaangukia wiki gani. Siku kumi za kazi wakati wa kiangazi si sawa na siku kumi katikati ya palizi, mikono yote ikiwa tayari imebanwa. Mbinu inayodai siku kumi za palizi itachelewesha shamba lingine, na hasara ya huko ni sehemu ya gharama ya huku.

Wengi wakifuata, bei inakwenda wapi?

Mchumi Willard Cochrane aliieleza hali hii mwaka 1958 kwa mfano wa mashine ya mazoezi ambayo mtu hukimbia palepale. Wa kwanza kutumia teknolojia huvuna zaidi wakati bei bado ni ya zamani, wakapata. Wengine wakifuata, mazao hujaa sokoni, bei hushuka, na faida ile hupungua hadi kuisha. Wa mwisho hulazimika kuingia ili tu asipate hasara. Mlaji wa mjini ndiye anayebaki na sehemu kubwa ya neema.

Hali hii ni kali zaidi kwa mazao ambayo watu hawawezi kula mara mbili kwa sababu tu yameshuka bei, na kwa yanayooza. Nyanya na vitunguu ni mfano mzuri: msimu mmoja vinatajirisha, msimu unaofuata kila mtu kapanda, vinamwagwa. Kabla ya kuingia kwenye zao linalosifiwa, uliza waliolipanda msimu uliopita ni wangapi, na wangapi zaidi wananunua mbegu sasa. Muuza pembejeo analijua jibu kuliko mtu yeyote. Kisha mtafute mnunuzi kabla ya kupanda: anataka aina gani, daraja gani, mwezi gani, analipa lini.

Simu inasaidia, ila ina mipaka. Jimboni Kerala, India, simu za mkononi zilipoingia kati ya 1997 na 2001, wavuvi walianza kuuliza bei wakiwa bado baharini na kuelekeza mashua kwenye soko lenye uhaba. Kwa mujibu wa utafiti wa mchumi Robert Jensen wa mwaka 2007, samaki waliokuwa wakitupwa karibu waliisha, faida ya wavuvi ilipanda kwa wastani wa asilimia 8 na mlaji akanunua kwa bei pungufu kwa asilimia 4. Lakini mvuvi ana mashua. Mkulima mwenye magunia matatu uani na barabara mbovu akijua kwamba bei ya mjini ni nzuri, amejua tu. Dalali anabaki kuwa ndiye mwenye gari. Hapo dawa ni kukusanya mzigo pamoja hadi ujaze gari, na kuwa na mizani ya kikundi.

Kuhifadhi ili kuuza baadaye

Bei ya nafaka huwa chini wakati wa mavuno kwa sababu wote wanauza, na wengi wanauza kwa sababu ada na madeni yamefika siku hiyohiyo. Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2019, uliwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza. Walihifadhi, wakauza baadaye, wakapata faida. Ila kwenye maeneo ambako wengi walipata mkopo huo, tofauti kati ya bei ya wakati wa mavuno na ya baadaye kwenye masoko ya jirani ilipungua, na faida ya kila mmoja ikawa ndogo.

Kuhifadhi kunahitaji mahindi makavu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu na yenye mdomo mpana, jaza mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda usikimbilie kujaza magunia. Kwa hifadhi ya miezi unahitaji kama asilimia 13, kwa hiyo endelea kuanika. Mahindi mabichi ndani ya gunia lisilopitisha hewa huoza, na yakicheleweshwa kukaushwa kabla ya kufungwa huko huota ukungu unaoleta sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupikwa.

Hesabu ya ghala ni fupi: ongezeko la bei unalotarajia, toa gunia, toa dawa kama unatumia, toa kilo zitakazoliwa na wadudu, toa riba ya deni ulilolicheleweshea malipo. Kama ghala la ushirika lina utaratibu wa stakabadhi, yaani unaacha mzigo ghalani na kupewa hati yake, toa pia ada yake na uulize ni nani anayepima unyevu na daraja wakati wa kupokea, maana uzito na daraja vinavyoandikwa siku ile ndivyo utakavyolipwa. Nakala yako ya stakabadhi ondoka nayo siku hiyohiyo.