Chemsha Bongo ya Reli kwa Idi Pili: Namna ya Kuitengeneza kwa Picha na Mafumbo

Kila Idi pili, baada ya sala ya Laasiri, baraza yetu ya Mji Mkongwe hugeuka stesheni. Hukusanyika watu kumi na tano hivi, wengine kutoka Ng'ambo, wengine Bububu, na wote maradhi yao ni mamoja: gari la moshi. Kisiwani hakuna reli inayofanya kazi leo, lakini katika sisi wamo waliopanda boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam, wakapanda treni ya umeme hadi Morogoro, wakala chakula cha mchana, wakarudi. Shughuli nyengine hawakuwa nayo huko.

Mimi ndiye mtegaji kwa Idi sita sasa. Nimeulizwa mara nyingi chemsha bongo hii inatengenezwaje, na wengine wanataka kuifanya Wete na Chake Chake, kwa hiyo naandika yote ninayoyajua.

Hatua ya kwanza: siku

Usiandike tarehe kwenye mwaliko. Mwezi hauna miadi na mtu. Andika "Idi pili, baada ya Laasiri", basi. Idi mosi watu wana wazee wa kuwaamkia na watoto wa kuwapa pesa ya sikukuu, na usiku watoto hao wanataka kupelekwa kwenye viwanja. Idi pili mtu ametulia na tumbo limeshiba. Kazi ya kutunga ianze Shaaban. Ukingoja kumi la mwisho la Ramadhani utatunga mafumbo huku unasinzia, na yatajulikana kuwa yametungwa na mtu anayesinzia.

Hatua ya pili: picha

Picha kumi zinatosha. Mimi hugawa hivi: tatu za Unguja, nne za Tanzania Bara, tatu za Kenya au kwengineko.

Watu hushangaa wakisikia picha tatu za Unguja, ilhali hapa ndipo penye utajiri. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na reli yake mwenyewe kutoka mjini kwenda kasri ya Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, baadaye ikaletwa injini ndogo ya mvuke ya kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Alipofariki, reli ile nayo ikafa. Kisha ikaja ya Bububu, iliyojengwa mwaka 1904 na 1905 na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney. Ilianzia Ngome Kongwe, urefu wake kama kilomita 11, upana wa reli milimita 914. Zipo postikadi za zamani zinazoonesha treni hiyo ikipita katika njia nyembamba za mji, karibu na milango ya watu kiasi kwamba aliyekaa barazani lazima akunje miguu. Miaka ya 1920 abiria walikwisha kuachwa kubebwa.

Kwa hiyo picha ya kwanza ninayoipenda haina treni hata kidogo. Ni ukuta wa Ngome Kongwe, niliopiga mwenyewe kwa simu, na swali ni: "Safari iliyoanzia hapa iliishia wapi?" Vijana wanaokwenda pale kuangalia maonesho ya usiku hujikuna kichwa. Wazee hucheka.

Kwa picha za Bara, omba ruhusa kabla ya kupiga ndani ya stesheni au karibu na njia ya reli. Mfuate mhudumu, mweleze unachotaka, akikataa shukuru uondoke. Picha ya mtu mwengine nayo iombe kwa mwenyewe. Nimeshawahi kuandikiwa na mpiga picha nisiyemjua akinipa picha tano zaidi, kwa sababu tu nilimuomba ile moja.

Sasa nieleze kosa langu. Katika Idi ya pili ya utegaji wangu nilichukua mtandaoni picha ya injini aina ya Garratt, ile yenye boila katikati na seti mbili za magurudumu mbele na nyuma. Nikaandika jibu: daraja la 59, reli ya Afrika Mashariki. Alikuwepo mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli Bara miaka mingi. Aliitazama picha ile kwa muda, akaniambia taratibu: "Mwanangu, 59 zilikuwa rangi ya damu ya mzee. Hii nyeusi si yetu." Nilipokwenda kuchunguza, ilikuwa injini ya kusini mwa Afrika. Tulifuta swali, na aliyekuwa anaongoza akapoteza uongozi wake kwa sababu yangu. Tangu siku ile kila picha naihakikisha kwa vitu vitatu: namba au jina kwenye bamba, rangi, na upana wa reli. Kimoja kikigoma, picha siitumii.

Hizo 59 zenyewe, ukiipata picha ya kweli, ni hazina. Zilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja, namba 5918, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Jina lake ni Mount Gelai. Mlima Gelai uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Kata bamba la jina peke yake, uliza: "Mlima huu wa Tanzania umehamia mji gani?"

Hatua ya tatu: kukata

Kila picha itoe nakala tatu. Ya kwanza ioneshe kipande kidogo tu: ukingo wa gurudumu, kiungo cha mabehewa, taruma na kokoto zake, pua ya kichwa cha treni. Atakayejua hapo anapata alama tatu. Ya pili ifunguke hadi nusu, alama mbili. Ya tatu ni picha nzima, alama moja. Treni ya mchongoko ya reli ya kisasa, kwa mfano, ukionesha pua yake yote hakuna swali tena. Onesha kioo cha pembeni na mstari mmoja wa rangi. Jengo la stesheni ya Dar es Salaam lililochukua umbo la tanzanite, kata pembe moja tu ya kioo, watu watakwambia ni benki.

Mambo mawili madogo yanaharibu kazi yote. Kibao cha jina la stesheni kinachojitokeza kwa mbali nyuma ya picha, wewe hukioni, kijana mwenye macho mazima anakiona. Na jina la faili: ukituma kwenye kundi la WhatsApp kama waraka, jina "pugu asubuhi" linakwenda nalo. Yabadilishe yote yawe namba. Mimi sasa nachapisha dukani kwa karatasi ya A4 na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki, maana mikono ya Idi ina halua.

Hatua ya nne: mafumbo

Hapa ndipo penyewe. Fumbo zuri lina miguu miwili: mmoja ni maana ya kawaida, mwengine ni mchezo wa herufi au silabi. Jibu lazima lisimame kwa miguu yote miwili. "Mji mzuri wenye milima na treni" si fumbo. Ni Morogoro, ni Mbeya, ni Moshi, na utagombana na watu wanne kwa mpigo. Mwenye kushindwa akisikia jibu aseme "aaa!" na kujipiga paja. Akisema "ningejuaje?", umemdhulumu.

Kiswahili kimetupa njia nyingi. Natumia nne.

Ya kwanza ni neno lenye maana mbili. "Wazee wa barazani wananipiga kila jioni, sina hata alama ya jeraha, treni ya umeme inanikuta baina ya Pugu na Ruvu." Ni Soga. "Nilitoka dohani, nikakaa chini ya Kilimanjaro." Ni Moshi, na kwa mpenzi wa injini za mvuke hakuna jina la mji tamu kuliko hilo. "Ngoma ndogo, lakini reli nzima inaishia kwake." Kigoma, mwisho wa reli, njia iliyoanza kujengwa Dar es Salaam 1905 ikafika ziwani 1914.

Ya pili ni kukata. "Niliombwa nisamehe, pumzi zikaniishia kabla ya silabi ya mwisho." Samehe bila ya *he*: Same. Na hili ndilo ninalojivunia kuliko yote: "Mama ameamuru uji upigwe mwiko, herufi ya mbele ikaungua, kilichobaki ni stesheni ya njia ya Tanga." Uji *ukorogwe*. Toa *u*, unabaki na Korogwe.

Ya tatu ni kuunganisha. "Taa yangu imepungua herufi ya mwisho, lakini ndiyo bora." *Ta* na *bora*, Tabora. Na la nyumbani: "Bubu na nusu ya bubu wamekaa pamoja, treni yao imeondoka miaka mingi." Bubu ni silabi mbili, nusu yake ni moja. Hesabu: Bububu.

Ya nne ni kinyume, mchezo wetu wa zamani wa kuchukua silabi ya mwisho na kuileta mbele, ambapo nyumba huwa *mbanyu*. Watoto wa skuli wa siku hizi wengi hawaujui, na nimeurudisha kwa makusudi. "Makao makuu yakisemwa kinyume yanakuwa maembe makubwa." Madodo ni ma-do-do. Rejesha *ma* mwisho: Dodoma. Mara ya kwanza nilipolitoa, baraza ilikaa kimya dakika mbili kamili, kisha bibi mmoja aliyekuwa ndani anamimina kahawa akajibu kwa sauti kutoka ukumbini. Hakuwa hata kwenye orodha ya wachezaji. Alipewa alama zake.

Tahadhari moja juu ya Bububu. Usiulize jina lilitoka wapi. Wengi watakwambia ni mlio wa treni, na ni hadithi nzuri, lakini Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886, karibu miaka ishirini kabla ya reli ya Wamarekani. Wengine husema ni mlio wa maji ya chemchemi. Swali lenye ugomvi liache kwa mazungumzo ya baada ya kahawa, usilitilie alama.

Hatua ya tano: jaribu

Mpe mafumbo mtu asiyependa treni. Mimi humpa mtoto wa kaka yangu. "Ami, huu uji unaingiaje kwenye reli?" aliniuliza, na baada ya robo saa akarudi mwenyewe na jibu. Hilo lilipita. Akikwambia "sijui hata pa kuanzia", tunga upya.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Simu zote zikae kwenye sinia katikati ya baraza, kwa kuwa siku hizi simu inatambua picha kuliko mzee wa reli. Wagawe watu watatu watatu, kila kundi liwe na kijana na mtu mzima. Anza na picha watu wapate joto, halafu mafumbo.

Mafumbo yatoe kwa desturi yake. Mtegaji aseme "Kitendawili!", baraza ijibu "Tega!". Kundi likishindwa, mtegaji aseme "Nipe mji", na hapa tumeongeza sharti letu: mji uwe na stesheni. Mji usio na reli haupokelewi, na kundi linapoteza alama moja. Mtu mmoja alinipa Iringa kwa kujiamini kabisa, haikupokelewa. Mwengine akanipa Mtwara, tukabishana hadi adhana ya Magharibi ikakaribia, kwa sababu Mtwara iliwahi kuwa na reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha ikang'olewa. Niliipokea. Anayejua hilo anastahiki.

Tunzo isiwe kubwa. Sisi hutoa sahani ya halua na picha moja kubwa iliyochapishwa, mshindi achague mwenyewe ipi.

Makundi mawili yakifungana, weka tayari swali moja la namba, na jibu andika kwenye bahasha. La kwangu ni hili: jumlisha upana, kwa milimita, wa reli ya Bububu, reli ya zamani ya kati, TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) na reli ya kisasa. Ni 914, 1000, 1067 na 1435. Jumla 4416. Aliyekaribia zaidi ndiye mshindi, na bahasha hupasuliwa na mzee aliyeikataa Garratt yangu nyeusi.