Kupanda musizi wa mbao, kuanzia kokwa hadi gogo

Hapa Uganda ukitaja msitu wa mbao, wengi huwaza mikaratusi na misonobari. Shambani kwangu Mukono nina musizi, mti wa kwetu wa majani mapana, na nimeukosea vya kutosha kuweza kukuelekeza.

1. Mbegu. Tafuta mti mama ulionyooka, usio na panda. Okota matunda yaliyoiva hadi kuwa zambarau ya kukaribia weusi; ya kijani yaache. Siku hiyohiyo yasugue kwa mchanga na maji mpaka nyama yote itoke. Tia kokwa kwenye ndoo, tupa zinazoelea, zilizozama ziloweke siku mbili ukibadilisha maji, kisha zisie upesi. Hazioti pamoja: moja leo, nyingine baada ya miezi. Mara ya kwanza nilidhani zangu zimekufa, nikamwaga tuta zima kwenye shimo la mboji. Mwezi uliofuata miche ikanicheka ikiwa humo shimoni.

Ndege hondohondo naye husia bure kwenye mashamba ya kahawa. Miche yake ing'oe pamoja na udongo siku ya mvua.

2. Kitalu. Viriba (vifuko vya plastiki vya kukuzia miche), kivuli chepesi, na kivuli hicho ukiondoe wiki chache kabla ya kupanda.

3. Kupanda. Udongo uwe na kina, usiotuamisha maji. Subiri mvua za Machi zishike kweli, usidanganywe na manyunyu. Nafasi ya mita 3 kwa 3 hukupa miche 1,111 kwa hekta. Kiriba kichane, usikifukie! Wala usipande chini ya migomba iliyosongamana, musizi unataka jua.

4. Palizi. Hapa ndipo mashamba mengi hufia. Kwa miaka miwili safisha duara la mita moja kuzunguka kila mche kwa jembe, katikati ya mistari fyeka. Kibarua asiguse gome: jeraha la panga hukaribisha kuvu, shina likapata donda lisilopona. Mbuzi nao wazuie, majani haya wanayapenda.

5. Kupunguza. Matawi ya chini hujiangusha yenyewe, kwa hiyo kupogoa ni kidogo. Vilele vikianza kugusana, toa kwanza iliyopinda na yenye madonda. Inauma kukata mti mzima wa afya, lakini ukiuonea huruma utavuna fito.

6. Kuvuna. Mimi nahesabu miaka 20 hivi. Mbao zake ni nyepesi na mchwa huzila, zitie dawa. Gogo lisilale shambani. Lipasue wiki hiyohiyo.

Msomaji wa Usambara Mashariki, Tanzania, wewe usiupande: huko ni mgeni, na umeshauvamia msitu wa Amani.