Kabla ya kulipia eneo la kambi ya vijana, laleni pale kwanza

Kama kanisa lenu linaanzisha kambi ya vijana, msikague eneo mchana tu. Walezi wawili watatu walale pale usiku mmoja, wikendi, kabla ya kulipa. Mchana kila mahali panapendeza. Usiku ndipo mtajua kwamba njia ya chooni haina taa, maji yanakatika saa nne, na ukumbi wa jirani unapiga muziki hadi alfajiri. (Sisi habari ya choo tuliijua vijana wakiwa wameshafika, nasi tuna tochi moja tu.) Usiku huohuo endesheni gari hadi hospitali ya karibu, mpime muda. Mkilala kiangazi na kambi ni msimu wa mvua, hamtaona maji yanatuama wapi. Hilo muulizeni mlinzi, si mwenye eneo.