Kujiandaa kwa uchunguzi wa ulemavu baada ya ajali ya kazi mjini Lubumbashi

Mfanyakazi wa Lubumbashi aliyeumia kazini, awe mgodini au gereji, huchunguzwa na daktari anayekadiria kiwango cha ulemavu wake kwa asilimia, na kiwango hicho ndicho kinachoamua iwapo CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, itamlipa pensheni au fedha za mara moja. Kwa hiyo usiende mikono mitupu. Beba nakala ya tangazo la ajali lililotolewa na mwajiri, vyeti vyote vya hospitali, picha za eksirei na karatasi za mshahara.

Kwa majuma mawili kabla ya siku hiyo, andika daftarini kazi zinazokushinda: kupanda ngazi, kuinua ndoo ya maji, kufunga vifungo vya shati, na muda unaohitaji kupumzika baada ya kila moja. Wengi wetu tumelelewa kujibu «ni vizuri» hata mguu unapowaka moto. Mbele ya daktari adabu hiyo ni hasara tupu, kwani ataandika alichosikia.

Uamuzi wa CNSS usipokuridhisha, dai upewe kwa maandishi pamoja na sababu zake, kisha andika barua ya kuupinga, ukiambatanisha ripoti ya daktari mwingine, na ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi na tarehe. Usikawie, maana muda wa kulalamika una mwisho. Ikishindikana, mahakama ya kazi ina mamlaka ya kusikiliza mizozo ya hifadhi ya jamii.