Namna ya kujua vijidudu gani viko macho na vipi vimelala kwenye udongo wa Lewis, ukiwa unasomea Nairobi

Ukienda pale barafu ya Lewis imeachia ardhi kwa Mlima Kenya, ukachota udongo, ukatoa DNA na kusoma majina yote ya bakteria na kuvu waliomo, umejua nani yuko. Nani anafanya kazi bado hujajua. Kwa kijiko kimoja cha ule udongo kuna walio macho, kuna waliolala, alafu kuna waliokufa kitambo lakini DNA yao imebaki imeshikamana na chembe za mchanga, na utafiti mmoja wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa wastani asilimia 40 ya DNA ya bakteria na kuvu kwenye udongo ni ya hao waliokufa. Kwa hivyo kama swali lako la PhD ni maisha yanaanzaje mahali barafu imetoka, orodha ya majina pekee haitakujibu, na nasema hivi juu mwaka wangu wa kwanza wote uliishia kwa orodha.

Na hii kazi haingojei. Kati ya 1934 na 2010 Lewis ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake, na jirani yake Gregory imeisha kabisa. Bahati yetu ni kwamba Lewis imechorewa ramani tena na tena tangu 1934, kwa hivyo unaweza kusimama mahali ukasema hapa barafu ilitoka zamani, pale ilitoka juzi, ukapanga vituo vyako kutoka udongo mpya hadi udongo mkongwe. Tumia hizo ramani, usipime umbali tu kutoka ukingoni, barafu hairudi nyuma kwa mwendo mmoja. Upande wa Tyndall, barafu nyingine ya huo mlima, mtafiti Mjapani Kazuharu Mizuno amefuatilia mimea miaka mingi na akaona Senecio keniophytum ndio hutangulia. Lakini kabla huo mmea haujafika kuna mtu ameshalima hilo shamba, nao ni sainobakteria, bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea, wanaovuta kaboni hewani na wengine naitrojeni pia, jambo ambalo limeonekana vizuri kwenye barafu ya Puca kule Peru.

Sasa kuna kitu ambacho maandishi ya Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa, na ya Uswizi hayatakufundisha. Kule kuganda na kuyeyuka kunafuata msimu, huku kwetu kunafuata saa. Saa kumi na mbili asubuhi karibu na Austrian Hut, kibanda cha wapanda mlima, kama mita 4,800 hivi, ukikanyaga ardhi inalia, ukiinama unaona sindano za barafu zimesimama urefu wa nusu kidole, kila moja imebeba kichwani chembe za udongo. Ikifika saa nne jua limepiga, sindano zote zimelala, udongo umekuwa tope linashika viatu, alafu mchana ukungu unapanda kutoka bondeni na baridi inaanza tena. Kijidudu cha pale kinaishi hayo maisha karibu kila siku. Kwa hivyo saa uliyochukua sampuli ni data, iandike kwa kila chupa. Mimi nachukua mara mbili kwa kituo kimoja, kabla jua halijapiga na tena saa tano, shubiri moja kando ya shimo la kwanza, na nimezika virekodi joto sentimita mbili chini ya ardhi nijue udongo wenyewe ulikuwa na joto gani, juu joto la hewa linaweza kukudanganya sana.

Vibali anza mapema, hata kabla propozo haijapita kabisa. Unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ruhusa ya utafiti ndani ya hifadhi kupitia WRTI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na KWS, shirika la wanyamapori, alafu NEMA, mamlaka ya mazingira, ambapo watu wengi huteleza wakidhani udongo ni udongo tu. Kanuni za mwaka 2006 zinahesabu vijidudu kama rasilimali za kijenetiki, na ukitaka kutuma hata chupa moja nje ya nchi lazima kuwe na makubaliano ya maandishi ya nani anamiliki nini.

Tukija kwa kugandisha, hapa ndo naomba unisikilize vizuri. Safari yangu ya kwanza nilibeba sampuli kwa kulabox na barafu ya kununua, nikashuka njia ya Naro Moru, nikalala huko, kesho yake nikakaa jam ya Thika Road mpaka jioni, na nilipofungua kulabox kwa maabara mifuko ya barafu ilikuwa maji matupu. Nikatoa RNA, zile nakala za DNA ambazo kijidudu hutengeneza kikiwa kazini na ambazo huharibika haraka, hivyo hivyo. Nyingi ilikuwa imekatika katika, na ile kidogo iliyosoma vizuri ilijaa bakteria wa kukua haraka wanaopenda joto kubwa kuliko la mlimani. Nilikaa wiki mbili nikifurahia hayo majibu kabla supavaiza wangu hajaniuliza swali moja tu, sampuli zilikaa masaa mangapi bila kuganda? Wale waliokuwa macho waliamkia barabarani. Nililia, na sampuli zote nikazitoa kwa tesisi.

Siku hizi sampuli inaganda pale pale, ndani ya dakika chache baada ya kutoka ardhini. Tafuta mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, ule ambao naitrojeni imenyonywa na kuta za ndani kwa hivyo haimwagiki mbebaji akiteleza, na umlipe mbebaji vizuri juu ule mzigo ni mzito na hautakiwi kulazwa. Ukikosa mtungi kuna dawa za kuhifadhi RNA, lakini zijaribu kwanza na udongo wa mlimani kabla ya safari kubwa, kuna udongo zinakubali na mwingine zinakataa. Ukifika Nairobi gawa sampuli kwa friza mbili za nyuzi 80 chini ya sifuri, majengo mawili tofauti, juu stima ikipotea Ijumaa usiku hakuna mtu atakupigia simu.

Kuhusu njia ya kutenganisha walio macho na waliolala, kulinganisha RNA na DNA ndio rahisi na wengi wanaanzia hapo, ila usiiamini peke yake kwa sababu kijidudu kilicholala kinaweza kuwa kimeweka akiba ya ribosomu, zile mashine za kutengeneza protini ambazo zenyewe zimejaa RNA. Njia ninayoiamini zaidi ni maji mazito yenye oksijeni 18, oksijeni nzito kuliko ya kawaida. Unaupa udongo hayo maji, kijidudu kinachojenga DNA mpya kinaiingiza hiyo oksijeni, DNA yake inakuwa nzito, unaizungusha kwa kasi kubwa ndani ya chumvi ya sesiamu na ile nzito inakaa chini ya nyepesi. Kando yake weka chupa zingine zenye maji ya kawaida, bila hizo huna cha kulinganisha.

Lakini maji yenyewe yanaamsha. Hii tunapaswa kuijua kuliko mtu yeyote, maana mtafiti wa udongo H. F. Birch aliionyesha hapa hapa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya hamsini, kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa unapumua kaboni dioksidi kwa fujo. Ukimwaga maji mazito kwa udongo mkavu wa Lewis utapima wale uliowaamsha wewe. Kwa hivyo pima unyevu kwanza, ongeza kidogo kabisa, au acha udongo unyonye mvuke wa hayo maji ndani ya chupa iliyofungwa, na uweke chupa kwenye joto la mlimani, usiku likishuka na wewe shusha.

Jambo la mwisho ni uchafu. Udongo mpya una vijidudu vichache sana, hivyo DNA iliyo kwenye kit za maabara, yaani zile dawa za kutolea DNA, inaweza kuizidi ile ya udongo wako. Fungua chupa tupu pale pale unapochota, ifunge, ipitishe hatua zote kama sampuli. Weka pia sahani safi za kukinga vumbi la upepo, juu upepo unaleta mbegu za kuvu na bakteria kutoka msituni chini na wengi wao wanafika barafuni wakiwa wamelala na hawaamki. Na kila ukipanda piga picha ya ukingo wa barafu na uandike GPS yake, siku hiyo hiyo, kabla ukungu haujafika. Ukingo niliosimama safari ya kwanza sai ni mawe makavu, na kituo changu namba moja nimekihamisha mara mbili.