Kurudi kwenye Modeli za Ndege Baada ya Miaka ya Kulea na Kuuguza: Hatua kwa Hatua

Modeli yangu ya Super VC10, ndege ya abiria ya zamani, ilikaa miaka minne juu ya kabati bila mkia. Niliianza wiki chache kabla mwanangu hajazaliwa. Alipofikisha mwaka na nusu, Mama akapata kiharusi. Tukamleta kwetu Dar es Salaam, na chumba kilichokuwa na meza yangu ya kazi kikawa chumba chake. Sijutii hata siku moja ya miaka ile. Jioni moja Mama, ambaye sasa anakaa kitini bila kushikiliwa, aliniuliza, "Ile ndege yako iliishia wapi?" Nikapanda stuli, nikaishusha.

Namwandikia mtu aliyewahi kujenga modeli za plastiki, akaacha kwa sababu nyumba ilimhitaji, na sasa mikono inamwasha kurudi.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kufungua gundi

Tandika shuka jeupe sakafuni, toa kila kitu kwenye boksi, uhesabu vipande ukifuata karatasi ya maelekezo. Mchwa walikuwa wamekula kona ya boksi langu na nusu ya ukurasa mmoja. Picha za maelekezo ya seti nyingi hupatikana mtandaoni, kwa hiyo ukurasa kuliwa si msiba. Kipande kidogo kisichoonekana kwenye shuka ndicho cha kutafutwa mapema, kabla hujaanza kazi inayokitegemea.

Kisha chukua daftari uandike ulipofikia: nini kimeshagandishwa, nini kimepakwa rangi, na kwa rangi ipi. Mimi sikuwa nimeandika chochote, nikadhani nitakumbuka. Baada ya miaka minne ya usiku wenye usingizi wa vipande vipande, sikukumbuka jambo muhimu kuliko yote ndani ya ndege ile. Nitalieleza mbele.

Hatua ya 2: Pima kila kilichokuwa kwenye chupa

Rangi ya mafuta ya kopo dogo, kama Humbrol, huota ngozi juu. Usiikoroge ngozi ile ndani. Ikate pembeni kwa ncha ya kisu, iinue nzima, ndipo ukoroge kilichobaki chini kwa dakika kadhaa. Mara nyingi rangi iko salama. Rangi ya akriliki iliyokuwa nzito kama uji hurudi kwa matone machache ya thina yake yenyewe. Ikiwa imekuwa mabonge kama mpira, itupe. Rangi ya mabonge itakuharibia kazi ya wiki nzima.

Tahadhari kuhusu thina: ile inayouzwa dukani kwa mafundi wa rangi za magari hula plastiki ya modeli. Ukiipaka kwenye bawa, bawa linalainika na mistari yake inafutika. Tumia thina iliyotengenezwa kwa rangi uliyonayo.

Gundi nyembamba ya plastiki, kama ile ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani, haigandishi kwa kunata. Inayeyusha kingo mbili zikawa plastiki moja. Ikiwa chupa haikufungwa vizuri, utaikuta imekauka. Super glue ya zamani usiiamini hata kidogo, nunua mpya. Nunua na visu vipya, maana kisu kilichopata kutu hulazimisha mkono kukandamiza, na hapo ndipo unapojikata.

Dekali, zile stika zinazoloweshwa majini, ndizo huumizwa zaidi na hewa yetu ya pwani. Zikiwa zimegeuka njano, zitie kwenye mfuko wa plastiki usioingiza unyevu, uzibandike kwa tepu dirishani zielekee jua. Zangu zilianza kuwa nyeupe siku ya tano. Kisha kata dekali moja usiyoihitaji, iloweshe. Ikitoka nzima, vizuri. Ikipasuka vipande, pulizia karatasi yote vanishi isiyo na rangi, iache ikauke, na ukate kila alama karibu kabisa na ukingo wake kabla ya kuilowesha.

Hatua ya 3: Meza yako sasa ni sinia

Usimwondoe mtu chumbani ili upate meza. Mimi nilichukua sinia la bati lenye ukingo, nikaweka mkeka wa kukatia, taa ndogo na kopo la brashi. Kazi yote inabebeka kwa mikono miwili na inapanda juu ya kabati ndani ya dakika moja mtoto akiamka.

Gawanya kazi kwa muda ulio nao. Dakika ishirini zinatosha kukata vipande vitano kutoka kwenye fremu, ule mti wa plastiki unaovishikilia, na kuvisugua kwa msasa. Hazitoshi kupaka rangi, kwa sababu nusu yake itaishia kwenye kuosha brashi. Kazi ya gundi na rangi niliiwekea Jumamosi usiku, madirisha wazi, mtoto akiwa amelala chumba kingine. Mvuke wa gundi ile si wa kuvutwa na mtoto wala mgonjwa.

Hatua ya 4: Jenga kitu kidogo kwanza

Hapa wengi watabisha, lakini nasimama pale pale: usianze na modeli uliyoiacha katikati. Mkono umesahau. Unajua kwa kichwa namna ya kupitisha gundi kwenye mfereji, ila vidole havijui tena kiasi. Nilinunua Spitfire ya Airfix, ndege ya kivita ya skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, yenye mabawa ya sentimita 15 na nusu hivi, vipande vichache, bei ya chini. Bawa la kushoto nililigandisha kwa gundi nyingi hadi ikafurika juu. Nikasugua, nikajaza pati ya kuzibia mashimo, nikasugua tena. Bawa la kulia likatoka safi. Kama kosa lile lingetokea kwenye VC10, ningelia.

Osha fremu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kukata chochote. Mafuta ya kiwandani na vumbi la miaka hufukuza rangi.

Hatua ya 5: Rudi kwa ile uliyoiacha, uanze na pua

Yangu ni Super VC10 ya Roden, skeli ya 1/144, yenye alama za East African Airways. Shirika lile la Kenya, Uganda na Tanzania lilianza kuzipokea ndege hizi mwaka 1966, na zile tatu za mwanzo ziligawanywa kwa usajili: 5X-UVA ya Uganda, 5H-MMT ya Tanzania, 5Y-ADA ya Kenya. Shirika lilivunjika mwaka 1977. Kwangu mimi hakuna ndege nzuri kuliko hii, na uzuri wake ndio ugumu wake: injini zote nne za Rolls-Royce Conway ziko nyuma kabisa, na mkia ni mrefu wenye bawa dogo juu. Modeli yake ikikosa uzito puani inakalia mkia.

Hilo ndilo nililosahau. Kiwiliwili nilikuwa nimeshakifunga, na sikujua kama niliweka uzito. Nilitikisa, sikusikia kitu. Jaribio la kweli ni hili: bandika mabawa, injini na mkia kwa tepu tu, kisha ilaze ndege juu ya vijiti viwili vya mishikaki mahali magurudumu makuu yatakapokuwa. Yangu ilianguka nyuma mara moja.

Kama bado hujafunga kiwiliwili, kazi ni rahisi. Kama umefunga, usikipasue. Toboa tundu kwenye dari la shimo la gurudumu la mbele, upana wa kupitisha gololi ndogo za beringi za baiskeli. Ingiza moja moja, ukirudia jaribio la vijiti, hadi pua ishuke yenyewe bila kusita. Ongeza tatu zaidi, kwa sababu rangi na pati vya nyuma navyo vina uzito. Kisha simamisha ndege pua chini ndani ya kikombe chenye kitambaa, udondoshee gundi ya araldaiti kwa kijiti kirefu, na uiache hadi kesho yake.

Wengine hutumia chubwi za wavuvi. Ni nzito na bei yake ndogo, ila ni madini ya risasi, na madini hayo ni sumu. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni mimi sitaki iwepo. Ukiitumia, nawa mikono, na usiigandishe kamwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi ikikaa na gundi ile huota unga mweupe, huvimba polepole, na baada ya miaka huipasua pua kutoka ndani.

Siku ya kugandisha mabawa, Mama alishika bawa la kulia kwa mkono wake mzima wakati gundi inakauka. Dakika kumi, hakutikisika.

Bawa dogo la juu ya mkia liache mpaka mwisho. Litazame kwa mbele, ulilinganishe na mabawa makubwa kabla gundi haijashika.

Hatua ya 6: Nyeupe, dekali, vanishi

Rangi nyeupe hutaka subira. Praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, kwanza, kisha tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikikauka vizuri. Tabaka moja nene litafunika mistari yote na kuacha machozi chini ya madirisha.

Dekali ziweke juu ya rangi inayong'aa. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunaswa chini yake, na utaona mng'ao wa fedha pembeni. Herufi za usajili zipe siku yake peke yake, ukiwa na picha ya ndege halisi mbele yako.

Vanishi ya kopo la kupuliza usiipulize jioni za masika. Unyevu hunaswa ndani yake na ndege nzima inafunikwa na ukungu mweupe. Mimi husubiri asubuhi kavu, kama saa nne, jua likiwa limeshapanda. Pulizia, funika kwa boksi safi lisigusane na ndege, na uweke juu ya kabati pale pale ilipokaa miaka yote. Usiiguse kwa siku mbili, hata mtoto akiomba.